Oksidi Ndani ya Chuma: Uhakiki wa Usomaji na Istilahi za Uimara wa Feleji, kwa Kuzingatia Mwambao wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna uimara wa chuma unavyosomwa na kuelezwa katika maandishi yanayohusu Afrika Mashariki na Kati. Kipimo kinachotumika ni feleji iliyoimarishwa kwa mtawanyiko wa oksidi, aina ya chuma inayochunguzwa kwa ajili ya vinu vya nyuklia na mitambo mingine ya joto kali. Hoja ya msingi ni kwamba oksidi ndani ya chuma yaweza kukidhoofisha au kukiimarisha, na kinachoamua ni ukubwa wa chembe zake na umbali baina yake. Kwa hiyo usomaji unaotaja maada peke yake, na istilahi inayotaja maada peke yake, havitoshi. Makala yanaangalia maandishi kuhusu tanuri za Wahaya, Wafipa na Wachishinga, kisha yanazipima istilahi za Kiswahili zilizopo. Mwisho yanaeleza kwa nini suala hili lina uzito kwa wazungumzaji wa Kiswahili wa Mununga na Nchelenge nchini Zambia.

1.0 Utangulizi

Mununga ipo mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru, karibu na mahali ambapo Mto Kalungwishi unaingia ziwani. Kusini yake ipo Nchelenge, na ng'ambo ya maji ipo Kilwa ya Katanga, mji unaoshiriki jina na Kilwa ya pwani ya Tanzania. Mwambao huu umeandikwa sana, lakini umeandikwa kwa namna moja. Wasafiri wa Kireno waliofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1798 na miaka ya 1831 na 1832, na David Livingstone aliyefika mwaka 1867, waliandika juu ya shaba na pembe. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alipigana na Nsama wa Itabwa mwaka 1867, na mzizi wa vita hivyo ulikuwa biashara ya pembe. Wanahistoria wameongeza chumvi ya Mweru wa Ntipa na chuma cha Wachishinga. Katika karne hii, mtapo wa shaba na fedha kutoka mgodi wa Dikulushi ulivushwa ziwani kutoka Kilwa hadi Nchelenge, kisha ukasafirishwa kwa malori. Katanga hiyohiyo, katika mgodi wa Shinkolobwe, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani kutengenezea mabomu yake ya kwanza ya atomiki.

Simulizi hizi zote ni orodha ya vitu. Eneo linatajwa kwa kile kinachochimbwa au kuwindwa, halitajwi kwa namna kitu kinavyofanywa kiwe imara. Makala haya yanadai kwamba mazoea hayo ya kutaja maada na kuacha mpangilio yameingia pia katika usomaji wetu wa chuma cha kale, na katika istilahi tunazotunga kwa ajili ya chuma cha leo. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Chombo hakielei kwa sababu ni cha mbao, kwani gogo lililolowa maji nalo ni mbao na huzama. Chombo huelea kwa jinsi kilivyoundwa. Methali hii ya waunda vyombo ndiyo muhtasari wa hoja itakayofuata.

2.0 Feleji ya Mtawanyiko wa Oksidi: Jambo Lenyewe

Kabla ya kuhakiki maneno ni lazima jambo lenyewe lifahamike. Chuma, kama metali nyingine, kimeundwa kwa punje nyingi zilizoshikamana, na ndani ya kila punje atomi zimejipanga kwa safu. Safu hizo hazijakamilika. Kuna mahali ambapo safu moja imekatika katikati, na ukingo wa mkatiko huo hufanya mstari unaoweza kusogea. Chuma kinapopindwa kikabaki kimepinda, si atomi zote zinazohama kwa pamoja. Mistari hiyo ndiyo inayotembea, mmoja baada ya mwingine. Makala haya yanauita mstari huo mteguko, kutokana na kitenzi kuteguka, kwa sababu zitakazoelezwa katika sehemu ya nne. Kukiimarisha chuma ni kuizuia miteguko isitembee kwa urahisi.

Njia moja ya kuizuia ni kutawanya ndani ya chuma chembe ndogo sana za kitu kigumu kisichoyeyuka. Mvuvi wa Mweru anaweza kuielewa njia hii kwa urahisi kuliko mwanafunzi wa mjini. Kamba ya kokoro inapoburutwa juu ya sakafu ya ziwa yenye visiki, hunasa. Visiki vikiwa mbali na mbali, kamba hupinda kidogo kati ya kisiki na kisiki, kisha hupita. Visiki vikikaribiana, kamba hulazimika kupinda sana katika nafasi finyu, na wavutaji huhitaji nguvu nyingi zaidi. Mwaka 1948 Egon Orowan alieleza kwa hesabu kwamba mteguko hufanya vivyo hivyo: hupinda kati ya chembe mbili, hupenya, na huacha kitanzi kuizunguka kila chembe. Nguvu inayohitajika huongezeka kadiri nafasi kati ya chembe inavyopungua.

Tuchukue mfano wa makadirio. Feleji nyingi za aina hii huwekewa oksidi ya itriamu kwa kiasi kidogo mno, kama asilimia 0.25 hadi 0.5 ya uzito. Tukichukua asilimia 0.25, hiyo ni takriban asilimia 0.4 ya ujazo. Ikiwa oksidi hiyo itagawanywa katika chembe zenye kipenyo cha nanomita 4, yaani sehemu nne za bilioni za mita, umbali wa wastani baina ya chembe katika bapa moja utakuwa kama nanomita 46. Mteguko utahitaji mkazo wa takriban megapaskali 400 ili upenye. Sasa tuchukue oksidi hiyohiyo, kwa kiasi kilekile, tuigawanye katika chembe zenye kipenyo cha maikromita 4, yaani kubwa mara elfu moja. Umbali baina yake utakuwa mkubwa mara elfu moja, na mkazo unaohitajika utashuka hadi chini ya nusu megapaskali. Hakuna kilichopungua katika maada. Kilichobadilika ni mpangilio peke yake, na uimara ulioongezwa umetoweka.

Mpangilio huo haupatikani kwa kuyeyusha. Oksidi ikitiwa katika chuma kilichoyeyuka huelea juu na kujikusanya. Ndiyo maana John Benjamin, akiwa katika kampuni ya INCO nchini Marekani katika miaka ya 1960, alibuni njia ya kusaga ungauunga wa metali pamoja na oksidi katika kinu chenye gololi za chuma kwa saa nyingi. Ndani ya kinu vipande hupondwa, hukunjwa, hushikamana na kuvunjika tena na tena, hadi oksidi inapochanganyika na metali kabisa. Unga huo hupashwa moto na kusukumwa au kukandamizwa kwa shinikizo kubwa, kwa kawaida katika halijoto ya kati ya nyuzi 850 na 1,150 za Selsiasi, na hapo chembe ndogo huzaliwa upya. Titani ikiwamo, itriamu hujiunga nayo, na chembe hubaki na kipenyo cha nanomita 2 hadi 5. Katika feleji zilizofanikiwa, idadi yake ni kati ya 10²³ na 10²⁴ kwa kila mita moja ya ujazo.

Chembe hizo zina kazi nyingine mbili. Huishika mipaka ya punje isisogee, hivyo punje hubaki ndogo hata katika joto. Vilevile huinasa heliamu inayozaliwa ndani ya chuma kinapopigwa na nyutroni, ili isijikusanye kwenye mipaka na kukivunja. Kwa sababu hizo feleji hii inaweza kubeba mzigo katika halijoto iliyo juu ya nyuzi 650, ilhali feleji za kromi za kawaida huanza kutambaa na kurefuka zinapokaribia nyuzi 600.

Hapa ni lazima kuzuia kosa la upande wa pili. Kusema kwamba mpangilio ndio unaoamua si kusema kwamba maada haina maana. Itriamu ilichaguliwa kwa sababu haiyeyuki kwa urahisi ndani ya chuma, hivyo chembe zake hazikui hata zikikaa katika joto kwa muda mrefu. Maada hiyo inathaminiwa kwa kuwa inaulinda mpangilio. Tena feleji hii ina mapungufu yake: ni ghali, mirija yake huwa imara kwa urefu kuliko kwa mzingo kwa sababu punje hurefuka inaposukumwa, na ikiungwa kwa kuyeyushwa oksidi hukimbia na uimara hupotea mahali pa kiungo. Mapungufu yote matatu yanatokana na mpangilio huohuo unaoisifisha.

3.0 Mavi ya Chuma: Kuzisoma Upya Tanuri

Chuma kilichotoka katika tanuri za kale za Afrika Mashariki na Kati nacho kilikuwa na oksidi ndani yake. Tanuri hizo kwa kawaida hazikuyeyusha chuma kikawa maji. Zilikitenga kutoka katika mtapo kikiwa bonge lenye matundu, lililochanganyika na kile ambacho Kiswahili hukiita, bila haya, mavi ya chuma. Mhunzi alilipasha bonge hilo moto na kulifua tena na tena juu ya fuawe ili kuyakamua mavi hayo. Hayakuisha yote. Mabaki yake, ambayo ni oksidi za chuma na silika, huonekana chini ya hadubini yakiwa vipande vya ukubwa wa maikromita chache hadi mamia, vilivyorefushwa kuelekea upande chuma kilikofuliwa.

Mtu anaweza kushawishika hapa kudai kwamba wahunzi wetu walitangulia kutengeneza feleji ya mtawanyiko wa oksidi. Dai hilo lingependeza katika hotuba, lakini si kweli. Vipande vya maikromita, vilivyo mbali na mbali, haviizuii miteguko kwa kiwango chochote cha maana, kama makadirio ya sehemu ya pili yanavyoonyesha. Badala yake ni mahali ambapo ufa huanzia. Anayesema kwamba zote ni oksidi ndani ya chuma, na kuishia hapo, amesoma maada na hakusoma mpangilio. Sifa isiyo ya kweli humdhulumu mhunzi sawa na dharau, kwani zote mbili humwondolea kazi aliyoifanya hasa.

Mjadala uliosikika zaidi kuhusu chuma cha eneo letu ulianzishwa na Peter Schmidt na Donald Avery mwaka 1978, baada ya kushirikiana na wazee wa Kihaya wa Kagera waliojenga tanuri na kuliendesha tena. Walidai kwamba mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuri iliipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa, na kwamba kwa njia hiyo halijoto ya juu sana ilipatikana na chuma chenye kaboni kikatolewa tangu miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. J. E. Rehder alilipinga dai la kupashwa kwa hewa mwaka 1986. David Killick mwaka 1996 alizikosoa kwa upana hoja za kuwapo kwa teknolojia iliyotangulia nyakati zake.

Makala haya hayakusudii kumtangaza mshindi wa mjadala huo. Wataalamu hao waliujua umuhimu wa hadubini na waliitumia. Kinachohakikiwa ni kile kilichovuka kutoka katika kazi zao hadi kwa wasomaji wa kawaida, yaani nambari mbili: nyuzi za joto na idadi ya miaka. Simulizi inayopendwa husema kwamba Wahaya walifikia joto kubwa, na zamani sana. Joto huhesabiwa kama ushindi na kale huhesabiwa kama heshima. Jembe lenyewe, namna punje zake zilivyokaa, mahali kaboni ilipokusanyika na mahali ilipokosekana, kiasi cha mavi kilichobaki na upande yalikorefukia, halimo katika simulizi. Chuma cha bonge mara nyingi huwa na kaboni isiyo sawa: sehemu moja ni laini, nyingine ni feleji. Swali la haki ni hili: mhunzi alifanya nini na tofauti hiyo? Aliichagua sehemu ngumu akaiweka makalini? Aliikunja ndani? Hilo ni swali la ufundi, na nyuzi za tanuri haziwezi kulijibu.

Ufipa hutoa mfano bora zaidi wa usomaji unaofaa. J. A. R. Wembah-Rashid aliandika juu ya wafua chuma wa Ufipa mwaka 1969, na Bertram Mapunda akaichunguza historia ya ufuaji wa kusini-magharibi mwa Tanzania katika tasnifu yake ya mwaka 1995. Tanuri ndefu za Wafipa, yaani malungu, ziliendeshwa kwa mvuto wa hewa bila mivukuto. Lakini kazi haikuishia hapo. Kilichotoka humo kilipelekwa katika tanuri dogo la pili, kintengwe, ili kisafishwe. Watazamaji huvutiwa na malungu kwa sababu ya kimo chake, na picha nyingi ni zake. Kwa mtazamo wa makala haya, kintengwe ndicho chenye habari kubwa. Mtu anayejenga tanuri la pili kwa ajili ya kusafisha anatambua kwamba chuma alichokwisha kukipata bado si chuma anachokitaka. Anatofautisha kati ya kuwa na kitu na kukiweka sawa kitu hicho, na hiyo ndiyo fikra ya mpangilio ilivyovaliwa udongo na makaa.

Tukiukaribia Mweru wenyewe, hali ni ya upungufu wa aina nyingine. Wachishinga, wakaao mashariki ya bonde la Luapula, walijulikana kwa chuma chao. W. V. Brelsford, aliyekuwa mtawala wa kikoloni katika Rodesia ya Kaskazini, aliandika juu yao mwaka 1949, na jina la makala yake linatangaza mambo mawili: matambiko na dawa za wafua chuma hao. Mambo hayo yanastahili kuandikwa. Hata hivyo, tukiziweka pamoja kazi mbili hizi, ya Kagera na ya Chishinga, tunaona pengo katikati. Upande mmoja kuna fizikia ya joto na upande wa pili kuna miiko. Chuma kilichotoka, ambacho kwa ajili yake joto liliwashwa na miiko ikashikwa, kimeachwa bila msomaji.

Pengo hilo linaweza kuzibwa. Chapurukha Kusimba, David Killick na R. G. Cresswell walizichunguza mwaka 1994 metali za miji ya Waswahili ya pwani ya Kenya, na kazi yao ni kielelezo cha kuanzia kwenye kitu chenyewe. Vyombo vya kazi vya kaskazini ya Zambia vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Moto Moto ya Mbala, yaliyokua kutokana na mkusanyo wa Padre Jean-Jacques Corbeil. Kipande kidogo cha jembe kikikatwa, kikasuguliwa, kikapakwa tindikali na kutazamwa kwa hadubini, kitaeleza kazi ya mhunzi wake kwa uaminifu kuliko sifa yoyote.

4.0 Uhakiki wa Istilahi

Usomaji huhitaji maneno. Kiswahili kina maneno matatu ya kale ya chuma kilichoboreshwa au kinachohusiana nacho: pua, chuma cha pua na feleji. Neno pua lina udhaifu unaojulikana. Msikilizaji asiye fundi husikia kiungo cha uso. Chuma cha pua, nalo, katika matangazo ya biashara ya leo limehamia kwenye feleji isiyoshika kutu ya masufuria na masinki, hata wengi hawalitambui tena kwa maana pana. Feleji, katika Kiswahili cha zamani, liliandamana na panga bora. Makala haya yanapendekeza feleji litumike kuwa jina la jumla la chuma chenye kaboni au viungo vingine vilivyokusudiwa, kwa sababu halina maana ya pili ya kulichanganya, na kwa sababu tangu mwanzo lilitaja ubora wa utengenezaji.

Tatizo kubwa zaidi limo katika virai. Aina ya feleji inayozungumziwa inaweza kutafsiriwa kwa haraka kuwa feleji iliyoimarishwa kwa oksidi. Kirai hicho ni kifupi, lakini kinapotosha. Baada ya kihusishi kwa ndipo Kiswahili kinapokitaja chombo cha kutendea, na hapa chombo kilichotajwa ni oksidi. Msomaji atahitimisha kwamba ukiongeza oksidi utaongeza uimara, ilhali tumeona kwamba kiasi kilekile cha oksidi chaweza kuimarisha au kutofanya lolote. Kirai sahihi ni feleji iliyoimarishwa kwa mtawanyiko wa oksidi. Nomino inayotawaliwa na kwa ni mtawanyiko, na oksidi imerudi nyuma kuwa kitu kinachotawanywa. Sarufi inafuata fizikia. Neno moja la ziada linabeba hoja nzima, na mtafsiri anayelikata ili kupunguza urefu amekata maana.

Hali ni hiyohiyo kwa neno la muundo unaoonekana kwa hadubini tu. Muundo mdogo ni tafsiri ya kufuata viambishi vya lugha ya kigeni, na kwa Kiswahili husikika kama muundo usio na umuhimu. Muundo wa ndani ni bora, ila hautaji kipimo, kwani hata nyumba ina muundo wa ndani. Muundo wa kihadubini hueleza hasa kinachokusudiwa. Neno muundo lenyewe ni la kulitunza, kwa kuwa kitenzi kuunda kimetoka kwa waunda vyombo na hubeba ndani yake mikono na kusudi.

Kwa upande wa sifa za chuma, ni lazima kuacha kutumia nguvu kwa kila jambo, kwa sababu katika fizikia neno hilo limekwisha kupewa kazi nyingine. Tunapendekeza uimara kwa uwezo wa kukataa kupinda moja kwa moja, ugumu kwa uwezo wa kukataa kukwaruzwa au kubonyezwa, na ushupavu kwa uwezo wa kupokea pigo bila kupasuka. Tofauti hii si ya mapambo. Feleji ya mtawanyiko wa oksidi huwa na uimara mkubwa, lakini ushupavu wake huweza kupungua, na kitabu kinachotumia neno moja kwa sifa zote tatu hakiwezi kumwonya mhandisi.

Neno mteguko limependekezwa kwa sababu mbili. Kwanza, kiungo kilichoteguka hakijavunjika: mifupa yote ipo, ila imeachana na mahali pake. Ndivyo ilivyo katika safu za atomi. Pili, kila mzungumzaji amewahi kuteguka au kumwona aliyeteguka, na huelewa kwamba kasoro ya mpangilio huuma ingawa hakuna kilichopungua mwilini. Tafsiri zinazosema kasoro ya mstari au uhamisho ni sahihi kwa kiasi, ila hazimpi mwanafunzi picha.

5.0 Kwa Nini Mununga na Nchelenge

Huenda ikaulizwa iwapo istilahi za feleji zina kazi yoyote katika mwambao wa wavuvi, ambako lugha kuu ya jamii ni Kibemba na lugha ya madarasa ya juu ni Kiingereza. Kiswahili kipo Mweru, tena kwa njia zaidi ya moja. Wafanyabiashara wa Pweto na Kilwa huvuka nacho. Makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, yalifunguliwa mwaka 2018 kuwapokea waliokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika, na wengi wao walikuja na Kiswahili cha Kongo. SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ziwa limekuwa mpaka wa jumuiya na pia daraja la lugha.

Kijana aliyekimbia Katanga akiwa fundi wa kuchomelea, akafika ufukweni, hukutana na wenye maboti na injini, nanga na mitungi. Chuma kilichoungwa vibaya hukatika ziwani, watu wakiwa ndani ya chombo. Fundi huyo anajua kwa mkono kwamba kiungo ni dhaifu kuliko bati lenyewe. Asichokuwa nacho ni lugha ya kujiuliza kwa nini. Jibu, kwa feleji ya kawaida na kwa feleji ya vinu vya nyuklia, ni la ukoo mmoja: joto la kuunga limeuvuruga mpangilio ambao kiwanda kiliujenga. Akilielewa hilo atapunguza joto, ataacha kiungo kipoe taratibu pale panapohitajika, naye hatamwambia mteja kwamba chuma ni kibovu ilhali chuma kilikuwa kizuri. Maarifa hayo hayahitaji shahada. Yanahitaji maneno yasiyodanganya.

Hapa wanaistilahi wanaweza kujifunza kutoka kwa jirani. Kibemba husema ukufula kwa kufua chuma, na mfuaji huitwa kafula. Kufua kwa Kiswahili na ukufula kwa Kibemba ni kitenzi kimoja cha Kibantu. Istilahi inayojengwa juu ya mizizi kama hiyo, fua, unda, tegua, tawanya, itavuka Kalungwishi na Luapula bila kuhitaji mkalimani. Istilahi inayonukuu tahajia ya kigeni mahali ambapo mzizi wa Kibantu upo itabaki katika kamusi. Mikopo kama oksidi, itriamu na titani haina budi, kwa kuwa hayo ni majina ya maada na maada haina lugha. Vitendo na mpangilio vina lugha, na lugha hiyo tunayo.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba feleji iliyoimarishwa kwa mtawanyiko wa oksidi ni zaidi ya mada ya wahandisi. Ni kipimo cha usomaji. Inatuonyesha kwamba kitu kilekile, kwa kiasi kilekile, huwa msaada au kasoro kwa kutegemea kilivyogawanywa na kilivyowekwa. Kwa kipimo hicho, sifa zinazotolewa kwa tanuri za kale kwa ajili ya joto na umri wake zimeonekana kuwa pungufu, dai la kwamba wahunzi walitangulia kutengeneza feleji ya kisasa limekataliwa, na kintengwe cha Wafipa kimependekezwa kuwa mahali pa kuanzia usomaji wa haki. Istilahi nazo zimepimwa, na zile zinazotaja mpangilio zimependelewa kuliko zile zinazotaja maada peke yake.

Yanabaki mambo mawili ya kufanywa. La kwanza ni la makumbusho na vyuo vikuu vya eneo: kuyasoma majembe na mashoka yaliyohifadhiwa kwa hadubini, na kuyachapisha matokeo kwa Kiswahili na Kibemba sambamba. La pili ni la wanaistilahi: kuzipeleka istilahi zinazopendekezwa kwa mafundi wa ufukweni kabla hazijapelekwa kwa wachapishaji, na kuyaacha maneno ambayo fundi hakuyaelewa baada ya kuelezwa mara moja. Mwambao wa Mweru umetoa chuma, shaba na chumvi kwa vizazi vingi, na umeandikwa kwa vitu hivyo. Haki yake ya sasa ni kuandikwa pia kwa kazi ya mikono iliyovipanga.